Je, Wajua? Jukwaa Lisilo na Paa, Kutoka Mbinga Hadi Ufukwe wa Nyasa

Tuseme umepewa kazi ya kupanga msimu mzima wa burudani kwa watu wa Mbinga, Mbamba Bay na Liuli: ngoma, tamthilia, filamu, na kitu kimoja cha kushtua watu. Wengi wangekimbilia simu kuita wasanii wa Dar es Salaam. Subiri kwanza. Mkoa wa Ruvuma na ziwa lake umejaa vitu vya kuweka kwenye ratiba hiyo, na baadhi yake ukimsimulia mgeni atakuuliza mara mbili kama ni kweli.

Ala ya muziki yenye mkono wa buibui

Katika ngoma ya mganda, inayochezwa na wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ala kuu baada ya ngoma yenyewe ni kibuyu kilichotobolewa tundu, na tundu hilo likazibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji hapulizi kama inavyopulizwa zumari. Anaimba ndani ya kibuyu. Utando ndio unaotetemeka na kuigeuza sauti ya mtu kuwa mlio mkali wenye mkwaruzo, kama nyuki walionaswa ndani ya debe.

Hapo ndipo raha ilipo. Kibuyu kidogo hutoa sauti nyembamba, kikubwa hutoa nene, na ukiwapanga wanaume kadhaa wenye vibuyu vya ukubwa tofauti unapata bendi nzima ya tarumbeta ambayo haina hata gramu moja ya shaba. Bustani imetoa ala, buibui amemalizia. Upande wa Malawi vibuyu hivyo huitwa malipenga, na kwa watu wengi wa huko ngoma yenyewe imechukua jina hilo hilo.

Gwaride lililogeuka ngoma

Mcheza mganda hodari utamtambua kwa mavazi kabla hajainua mguu: kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, shati jeupe, soksi ndefu hadi chini ya goti. Wanaume hujipanga safu, hugeuka kwa pamoja, huinamisha mwili kwa madaha, na mwendo wao wote una harufu ya uwanja wa gwaride.

Hilo halikutokea kwa bahati. Mganda ni mtoto wa beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, watu wa Lamu na Mombasa walipoanza kuiga bendi za kijeshi za Wazungu na kuzigeuza mashindano yao wenyewe. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Maaskari na wapagazi kutoka kila pembe walichanganywa kambini, na waliobahatika kurudi nyumbani walirudi na beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia ngoma hii kutoka 1890 hadi 1970 na kuandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975.

Kinachochekesha ni vyeo. Vikundi vya beni vilikuwa na Kingi wao, majenerali wao, makapteni wao, na katika miji mingi ya Tanganyika vilijigawa pande mbili zilizoshindana vikali, Marini na Arinoti. Mpagazi aliyebebeshwa mzigo vitani angeweza Jumapili kuwa jenerali mbele ya mji mzima. Maofisa wa kikoloni waliingiwa na wasiwasi. Baada ya vita walichunguza kama mtandao huu wa wacheza ngoma, uliokuwa na matawi kutoka pwani hadi bara na watu waliopeana habari kwa urahisi wa ajabu, haukuwa njama. Walikuta watu wanacheza. Sina hakika kama hilo liliwatuliza.

Na akina mama je?

Wana kioda. Nao huvaa sare, nao hujipanga, nao hushindana, na wapo watazamaji wa mwambao wanaokwenda uwanjani kwa ajili ya kioda tu, mganda ukawa wa kupitishia muda. Ukitaka kugombana na mtu wa Nyasa, muulize hadharani ipi kati ya hizo mbili ni bora.

Meli iliyofika kwa vipande 3,481

Ngoma na nyimbo za ziwa hili zilivuka kwa mitumbwi na kwa meli, na meli moja ilikuwa kioja peke yake. *Chauncy Maples* iliundwa Glasgow, Scotland, ikafunguliwa tena, ikasafirishwa kama vipande 3,481 hadi kusini mwa Nyasa, na huko ikaunganishwa upya. Boila lake halikuweza kugawanywa. Lilikuwa na uzito wa tani 11, likakokotwa nchi kavu na mamia ya wanaume wa Kingoni, maili chache kwa siku.

Ilianza kazi mwaka 1901 chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, ikawa shule, zahanati na mahali pa ibada vinavyoelea, ikitoka kijiji hadi kijiji. Jina lake ni la askofu aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Kuipa meli jina la mtu aliyemezwa na maji yale yale yaliyoingoja chini yake kunahitaji imani ya kweli.

Vita vya majini vilivyoanza kwa swali: umelewa?

Liuli, kwa Wajerumani, iliitwa Sphinxhafen, yaani bandari ya Sfinksi, kwa sababu ya jabali la pale ufukweni ambalo waliona linafanana na sanamu ile maarufu ya Misri. Agosti 1914, meli ya Kijerumani *Hermann von Wissmann* ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kufanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba Ulaya imeingia vitani.

Habari alizipata kwa mlio wa mzinga. Meli ya Kiingereza *Guendolen*, chini ya nahodha Rhoades, ilitokea na kuanza kufyatua. Makombora ya mwanzo yalikwenda kombo, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeuzoea mzinga ule, hadi moja likaipata meli iliyokusudiwa. Sasa sikiliza: Berndt na Rhoades walikuwa marafiki, watu wa kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Husimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua ndogo, akapiga makasia kuelekea *Guendolen* akiwa amefura kwa hasira, akimpigia kelele rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Rhoades akamweleza kuhusu vita, akamfanya mateka. Gazeti moja la London likatangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa, na pambano hilo dogo hutajwa miongoni mwa ya kwanza kabisa ya majini katika vita ile.

Ziwa Tanganyika lilipata filamu yake: riwaya ya C. S. Forester ya 1935, iliyochota kwenye vita vya meli vya huko, iligeuzwa kuwa *The African Queen* mwaka 1951 na kuzunguka dunia nzima. Kisa cha Liuli kina marafiki wawili, chupa, mzinga na jabali lenye umbo la Sfinksi. Mwongozaji anayesoma hapa, kazi ni yako.

Maonyesho makubwa kuliko yote yako chini ya maji

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake kinapita mita 700, na lina aina zaidi ya 800 za samaki, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Ila kilichowaleta watafiti na mitungi ya hewa mgongoni ni tabia ya baadhi ya madume. Dume huchota mchanga kwa mdomo, tonge kwa tonge, na kujenga kichuguu chenye kilele kilichosawazishwa. Hakai ndani yake. Halei watoto humo. Ni jukwaa. Akishamaliza huja juu yake na kuanza kuzunguka na kutikisa mapezi, rangi zimewaka, akingoja jike apite na kutoa hukumu.

Upande wa Malawi, watafiti walikuta ukanda mmoja wa majukwaa hayo wenye urefu wa kilomita 4, na madume waliokadiriwa kufika 50,000. Kila aina ina ramani yake ya ujenzi, na jukwaa likibomoka kidogo huporomoka pia bei ya mwenye nalo. Jike akiridhika hutaga mayai, huyachukua mdomoni, na kuondoka nayo; atayalea humo kinywani kwa wiki kama tatu. Dume hurudi kwenye mchanga wake kungoja mtazamaji mwingine.

Mvuvi wa Mbamba Bay hupita juu ya tamasha hilo asubuhi na jioni, macho yake yakiwa kwenye dagaa.

Nyota wa sinema aliyekuwa Waziri Mkuu

Mkoa wa Ruvuma uliipa Tanganyika nyota wa filamu kabla haujaitolea Waziri Mkuu, na ni mtu mmoja. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa wilaya ya Songea mwaka 1926, aliigiza kama mhusika mkuu katika *Muhogo Mchungu*, filamu ya Kiswahili ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo lilikuwa jambo la nadra mno mtazamaji wa Tanganyika kukaa mbele ya kitambaa cheupe na kumwona Mwafrika akibeba hadithi yote, tena akizungumza lugha inayoeleweka bila mkalimani.

Kilichofuata ni mwendo ambao hakuna mwandishi wa filamu angethubutu kuubuni. Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu ili akajenge chama, Kawawa akawa Waziri Mkuu wa nchi, akiwa na miaka 35. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na akarudi tena kwenye uwaziri mkuu kati ya 1972 na 1977. Vijana waliomfahamu kama Simba wa Vita, mzee wa chama na wa mikutano, wengi wao hawakuwahi kuambiwa kwamba sura ile iliwahi kulipiwa kiingilio.

Marekani walipomchagua mwigizaji Ronald Reagan kuwa rais mwaka 1980, dunia ilishangaa sana. Songea ilikuwa na haki ya kutoshangaa.

Lori lililobeba ukumbi wa sinema

Kati ya 1935 na 1937, kijiji cha Vugiri katika milima ya Usambara kilikuwa makao ya mradi wa utengenezaji wa filamu. Mradi huo uliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa shamba la mkonge, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu zipatazo 35 kwa ajili ya watazamaji wa vijijini, kisha ukazipakia kwenye lori pamoja na jenereta, projekta na kitambaa, na kuanza safari.

Safari ya kwanza ilipita Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Uganda na Kenya. Maonyesho yalikuwa 95, na watazamaji walikadiriwa 80,000. Piga hesabu: zaidi ya watu 800 kila usiku, wengi wao wakiwa wanaona picha zinazotembea kwa mara ya kwanza.

Walionyeshwa nini? Akaunti ya akiba ya posta. Safura na jinsi ya kuikwepa. Na kodi. Naam, kuna aliyekaa chini akapanga watu watoke majumbani gizani, wasimame uwanjani, wakatazame filamu kuhusu kodi. Na walikuja, jambo linalokueleza ukubwa wa hamu ya watu kwa sinema kuliko utafiti wowote. Sauti haikuwa ndani ya mkanda wa filamu. Ilichezwa kutoka kwenye sahani za santuri, fundi akihangaika ziende sambamba na midomo, na filamu ile ile iliweza kusema lugha nyingine kwa kubadilisha sahani tu.

Mtu mmoja, sauti zote

Hamu hiyo haikuisha. Ilihamia kwenye kibanda umiza. Televisheni, deki, mabenchi, mlango uliozibwa kwa kanga au gunia ili wasiolipa wasichungulie. Tanzania ikazaa hapo sanaa yake: mfasiri anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, akiwa askari, jambazi, bibi harusi na mbwa kwa zamu. Aliyevuma kuliko wengi ni Derek Mukandala, mwanajeshi mstaafu aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu.

Usidhani alikuwa anatafsiri tu. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, aliingiza methali, alimwonya shujaa kabla adui hajatokea, na pale filamu ilipochosha aliweka maneno ambayo mwandishi wa Hollywood au Bombay hakuwahi kuyaota. Wapo watu wazima leo ambao wakiiona filamu ile ile kwa lugha yake ya asili wanahisi wameibiwa nusu ya hadithi. Nawaunga mkono.

Tamthilia ya mtu wa kusini, juu ya kusini

Mwandishi wa *Kinjeketile*, tamthilia inayosomwa na kuchezwa mashuleni mwetu tangu 1969, ni Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943. Alikuwa na miaka 26 tu ilipotoka. Vita vya Majimaji inavyovisimulia, vya 1905 hadi 1907, vilifika Ungoni kwa nguvu zote: tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni pale Songea, mji ambao hadi leo unaitwa kwa jina la kiongozi mmoja wa Wangoni katika vita hivyo, Songea Mbano.

Kila Februari kumbukumbu hufanyika hapo mjini, na ngoma huwa sehemu yake. Lizombe ya Wangoni ndiyo inayosubiriwa. Darasa likipelekwa kwanza Songea kwenye makumbusho, kisha likarudi kucheza *Kinjeketile* kwenye ukumbi wa shule, mwalimu hatahitaji kueleza mengi.

Filamu mbili katika miaka zaidi ya ishirini

Tanzania ilipeleka filamu kwenye mashindano ya Oscar, kipengele cha filamu za kimataifa, mwaka 2001: *Maangamizi*. Ya pili ilisubiri hadi 2022. Hiyo ni *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, kutoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi. Mwaka 2021 ilikuwa imeonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, mahali ambapo filamu ya nchi yetu haikuwa imezoeleka kabisa.

Kati ya hizo mbili, maelfu ya filamu za Bongo zilitengenezwa, zikauzwa kwa kanda na sahani hadi maduka ya Mbinga, na wala hazikuihitaji Oscar kupata watazamaji.

Ngoma ya taifa ilivunjwa ikawa chuo

Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kilichoundwa miaka ya mwanzo ya uhuru ili kukusanya ngoma za makabila jukwaa moja, kiliishia kuzaa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, kinachoitwa leo TaSUBa. Mwaka uliofuata lilianza tamasha la Bagamoyo, ambalo limeendelea miaka yote hiyo. Zanzibar nao wana Ngome Kongwe, boma la Waomani la mwishoni mwa karne ya 17, ambapo tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF huonyesha picha chini ya nyota, na tangu 2004 Sauti za Busara hupiga muziki usiku kucha. Kuta zilizojengwa kuzuia maadui sasa zinakusanya viingilio.

Kusini hakuna haja ya kuta. Hapa msimu unaanzishwa na mvua ikikoma. Kahawa ya Mbinga huvunwa kiangazi, fedha huingia, harusi hupangwa, barabara hupitika, na viwanja vya shule na kanisa hukauka vya kutosha kubeba vishindo vya safu nzima ya mganda. Tangu lami ya Songea hadi Mbamba Bay ikamilike, kikundi kinaweza kutoka vilimani asubuhi na kucheza ufukweni mchana wa siku hiyo hiyo.

Ukijaliwa kupita huko kati ya Juni na Oktoba, muulize mwenyeji wako mganda au kioda unachezwa wapi Jumapili hii. Kisha waombe wazee wakuonyeshe jinsi utando wa buibui unavyobandikwa kwenye kibuyu, na urekodi kwa simu, kwa idhini yao, kila hatua na kila jina wanalolitumia.